Mangi Yuko Upanga

Jumatatu, 2 Februari

Siku ya kwanza ya kupumzika. Nimechoka sana.

Daktari ameniambia presha yangu haifai kukaa Kariakoo. Nimkabidhi mtu duka, na kila kinachonikera nikiandike badala ya kukimeza. Basi naandika. Kinachonikera ni Rogath.

Rogath ni mkwe wangu, mume wa binti yangu Vicky. Kijana wa Rombo, mrefu, mpole, ana sauti ya kwaya. Tangu leo yeye ndiye anayekalia kiti changu katika duka langu la vyombo, Mtaa wa Kongo. Kiti nilichokikalia mpaka kikapata umbo langu! Mke wangu Elieshi anasema kiti ni cha plastiki. Haelewi.

Saa nne nikapita dukani. Kupita tu. Mama mmoja ameshika sufuria, akaita, Mangi, nipunguzie! Nikaitikia, haya mama, lete tuone. Akanitazama kana kwamba nimeingilia simu yake. Alikuwa anamwita Rogath.

Najua kwamba hapa mjini kila Mchagga mwenye duka huitwa Mangi, jina la watawala wetu wa zamani kule mlimani. Lakini Mangi wa duka lile nilikuwa mimi! Nimeinuka kwenye kiti siku moja tu, na jina limebaki kwenye kiti. Nimeumia. Nimerudi nyumbani Upanga kwa bajaji, nikalala kifudifudi mpaka chakula cha mchana.

Jumanne, 3 Februari

Nina mpango. Mzuri sana. Rogath hawezi wateja wakorofi wa mikoani. Nikipiga simu kama mfanyabiashara mkali wa Tunduru, nikalalamikia mzigo, nikadai niongee na Mangi wa zamani, Vicky mwenyewe atanifuata kunibembeleza nirudi.

Nikafunga mlango wa chumbani. Nikaziba mdomo kwa leso. Nikafanya mazoezi ya sauti mpaka Elieshi akauliza kama nimepaliwa.

Nikapiga. Rogath akapokea, akasema shikamoo baba. Nikajibu marahaba. Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni mtu wa Tunduru, na kwamba namba yangu anayo.

Akauliza naendeleaje na presha. Nikasema vizuri. Akauliza mbona sauti imefifia. Nikasema ni leso. Akanishauri ninywe maji ya uvuguvugu, joto hili la Februari lina mafua yake. Kijana hana hata adabu ya kukasirika!

Jumatano, 4 Februari

Elieshi kaniburuta parokiani kwenye semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo wakati wa mabadiliko ya maisha. Wanaume tulikuwa mimi na fundi wa spika. Mnasihi ni dada mmoja anaitwa Jovitha. Alisema mabadiliko ni kama kuhama nyumba, mwili unatangulia na moyo unabaki nyuma kufunga vifurushi. Wanawake wakalia. Mimi nikatazama feni.

Akataka kila mtu ataje hisia aliyonayo. Nikataja joto. Akasema joto si hisia. Nikamkaribisha aje akae kwangu mchana ndipo tuongee.

Akatupa na kazi ya nyumbani. Umfikirie mtu anayekukera, uandike jambo lake moja jema. Haya. Rogath. Viatu vyake ni visafi. Nimeliandika kwa shida. Nikalifuta. Nimeliandika tena kwa sababu Elieshi alikuwa anachungulia.

Alhamisi, 5 Februari

Leo nimekwenda dukani kama mshauri. Rogath kuniona tu akanyanyuka, akanipa kiti, akabaki amesimama. Ujanja huo! Wateja wote wakawa wanasema kijana ana heshima. Nikakataa kiti, nikavuta kigoda, nikakaa mlangoni ili nionekane.

Nilichokiona kiliniuma. Amepanga hotpoti kwa rangi. Amefunga vitaa. Wateja wanapiga picha! Enzi zangu walikuwa wananunua na kuondoka, hakuna aliyepiga picha hata ya mlango. Jirani yangu Ghanim, muuza udi na manukato, ambaye nimekunywa naye kahawa tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi, akaniambia duka limependeza. Nikamuuliza yuko upande gani. Akasema upande wa kushoto, kama siku zote.

Akaja mama anayeandaa sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Rogath akamwonyesha chupa za chai mpya. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamwambia mama zile si kitu, nilizoagiza mimi hata ukizipindua hazitoi tone. Nikaagiza chai ya maziwa kwa mama ntilie, nikaijaza kwenye chupa yangu, nikaipindua juu chini mbele ya watu. Kifuniko sikuwa nimekikaza. Chai yote ikaishia kwenye kanzu ya Ghanim, nyeupe, aliyoivaa kwa ajili ya mazishi ya shemeji yake Ilala.

Mama wa sendofu akanunua chupa za Rogath. Zote.

Vicky akaniita pembeni. Hakupaza sauti. Akasema ananipenda, na akaomba nisiende tena dukani bila kumwambia kwanza. Bila kumwambia! Nikiwa kwenye bajaji nikamkumbuka dada Jovitha na hisia zake. Haya, naitaja. Ni wivu. Namwonea wivu kijana yule mpaka kifua kinaniwaka.

Jumamosi, 7 Februari

Ushindi!

Rogath amekuja nyumbani peke yake, amevaa shati la kanisani, amebeba isale kwa mikono miwili. Isale! Nani wa kwetu asiyejua maana ya mmea ule? Mtu akikukosea mpaka maneno yakamwishia, anakuletea jani la isale. Na ukishaletewa huna ruhusa ya kukataa. Unasamehe, yanaisha. Nimeona ugomvi wa shamba wa babu na babu ukizimwa na jani moja. Na hili halikuwa jani. Lilikuwa mche mzima, na mizizi yake, ndani ya kopo la rangi! Nikajua kijana amejuta vibaya sana.

Akasema shikamoo baba, nimekuletea hii. Hakumaliza. Nilimnyooshea kiganja. Nikamwita Elieshi. Nikawaita majirani wa ghorofa ya juu, Mama Sitara na wanawe, ambao hawakuelewa kitu lakini walikuja na sambusa. Nikasimama, nikamsamehe. Nikamsamehe kiti, nikamsamehe vitaa, nikamsamehe jina la Mangi. Nikamsamehe hata ule urefu. Rogath alijaribu kufungua mdomo, nikamwambia atulie, amani imeshuka. Mwisho akasema asante baba.

Halafu nikampigia kaka yangu aliyeko kijijini kwetu Kibosho, nikamweleza kwamba mkwe kaniletea isale nami nimepokea. Akauliza kafanya nini. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba nimeshasamehe, siwezi kuyarudia.

Presha imeshuka. Nimepima.

Jumapili, 8 Februari

Presha imepanda.

Elieshi alisubiri misa iishe, akanieleza kwenye ngazi. Rogath hakuja kuomba msamaha. Daktari alimwambia Elieshi nitafutiwe kitu cha kutunza nyumbani. Elieshi akamdokezea Rogath kwamba huwa nalalamika kibarazani kwetu hakuna hata jani moja la nyumbani. Rogath akamwomba mama yake, naye akang'oa mche kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la ukoo huko Rombo, akaupakia kwenye basi. Ulikuwa wa kupanda. Zawadi!

Nikauliza kwa nini hakusema. Elieshi akauliza, ulimpa nafasi?

Laiti yangeishia hapo. Kaka yangu hakulala. Kama mkwe ameleta mche mzima, na baba mkwe anakataa kutaja kosa, basi kosa lenyewe halitajiki. Mpaka asubuhi Kibosho ilikuwa imeshaamua kwamba Rogath anampiga Vicky. Wengine wamemwona na mwanamke Mchikichini, ingawa wao wenyewe Dar hawajafika. Wazee wangu wamewapigia Rombo kudai maelezo. Mama yake Rogath, aliyeung'oa mche ule kwa mikono yake, analia. Baba yake amesema mwanawe hawezi kuitwa mhuni na watu wa Kibosho. Arudi nyumbani, na Kibosho wabaki na binti yao.

Vicky amenipigia. Safari hii hakusema ananipenda. Amesema nikiivunja ndoa yake, kopo lile la rangi nilibebe mwenyewe kwa miguu mpaka Rombo.

Jumatatu, 9 Februari

Rogath hakufungua duka. Yuko kwake Tabata na simu sikioni, anawaapia wajomba wa pande zote mbili kwamba hajampiga mtu. Vicky ameleta funguo, ameziweka mezani, ameondoka bila kunywa chai.

Nikaenda kufungua. Nitasema kweli, njiani nilipiga mluzi. Kiti changu! Nikakaa. Nikajinyoosha. Nikangoja kuitwa.

Mteja wa kwanza akauliza Mangi yuko wapi. Nikasema ndiye mimi. Akasema hapana, yule Mangi. Aliyemfuata vilevile. Akaja mwingine, akachungulia, akasema atarudi Mangi akiwepo. Nikawasha vitaa. Havikusaidia.

Ghanim akaja na kahawa, amevaa kanzu nyingine, akakaa mbali kidogo na vikombe vyangu. Akaniambia jambo nisilolijua. Kila Rogath akiitwa Mangi, huwajibu watu kwamba Mangi yuko Upanga, yeye anamshikia kiti tu. Tangu siku ile ya kwanza. Wateja ndio hawamsikilizi.

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba ile ni mbinu ya hali ya juu, na kwa nini sikuibuni mimi. Kisha ikaja aibu. Nikafunga duka mchana kweupe.

Jumanne, 10 Februari

Kosa kama langu haliombewi radhi mikono mitupu. Linataka isale. Nimezunguka kwa wauza miche asubuhi nzima. Mmoja akaapa kwa Mungu kwamba analo, akaniuzia. Elieshi akalitazama, akasema hilo ni ua la mapokezi ya benki.

Isale pekee ninalolijua mjini hapa liko kibarazani kwangu. Basi nikakata jani kwenye zawadi ya mtu, nikampelekea mwenye zawadi. Elieshi alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nilikuwa nimeukosa mcheko huo tangu juzi.

Tabata, Vicky alifungua mlango, akaliona jani, akanipisha. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Haikutoka. Nilimwambia Rogath tu kwamba nimekosa, nilikuwa nakuonea wivu mwanangu, kiti kalia wewe. Rogath akalipokea kwa mikono miwili. Akasema yameisha, baba. Nikalia. Sikusingizia joto.

Kisha akanipa simu. Kaka yangu upande wa pili, wazee wamemzunguka, sauti imefunguliwa ukoo mzima usikie. Nikaeleza yote kuanzia leso. Wakanirudisha pale pa chupa ya chai ili wasikie vizuri. Baada yao nikampigia mama yake Rogath. Nikaomba radhi. Akauliza kama mche umeshika. Nikasema umeshika, umepungua jani moja. Akacheka, na nyuma yake nikamsikia mumewe naye anacheka.

Ndoa imepona. Vicky alinisindikiza mpaka kwenye bajaji, akanishika mkono.

Ijumaa, 13 Februari

Amani tele. Rogath yuko kwenye kiti, mimi niko kibarazani. Namwagilia isale asubuhi na jioni. Moyo umemaliza kufunga vifurushi. Dada Jovitha angejivunia.

Lakini.

Kaka amepiga. Kibosho wote wanamsifu Rogath. Kijana ana moyo mkubwa! Kijana amemsamehe mzee! Wanasema Desemba akipanda kwenda nyumbani watampokea kwa ndafu. Ndafu! Mbuzi mzima, aliyebanikwa, na majani mdomoni! Nani aliyepeleka isale? Mimi! Nani aliyejidhalilisha mbele ya ukoo mzima? Mimi! Kusamehe ni kazi gani? Mtu ameshaletewa jani, angekataa vipi? Hakuna aliyetaja ndafu yangu. Nilipouliza, kaka akasema nitapata supu.

Halafu Ghanim naye. Amepita hapa jioni, amevaa kanzu mpya, inang'aa. Nikamsifia. Akasema kanunuliwa na Rogath, badala ya ile niliyoimwagia chai.

Nimekaa hapa kibarazani nikiyatafakari yote kwa utulivu, kama nilivyofundishwa. Nimevuta pumzi, nikaitoa. Nimegundua nilipokosea. Ilikuwa ile namba ya simu. Nimeshuka mpaka kwa wakala hapo kona, nimesajili laini mpya. Kesho mapema mtu wa Tunduru anapiga tena kuulizia mzigo wake. Leso imefuliwa. Na safari hii nikiamkiwa, siitikii.