Liberatus Alivyochemsha Mtindi

Rujewa nzima hakukuwa na tumbo kama la mjukuu wangu Liberatus! Hayo aliyasema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Eti angemeza nati za mashine ya kukoboa mpunga, zikasagika kabla ya kufika kitovuni.

Mwanaume huyo wa chuma akaota jipu shingoni. Kubwa! Akawa anatembea kichwa juu kama waziri anayekagua mifereji. Na Jumamosi tulikuwa tunakwenda Igowole kumchumbia Faustina. Tukikosea tu, kuna seremala wa Mafinga anamvizia.

Nikamburuta zahanati. Nesi Sekela akampa antibayotiki.

"Umalize dozi, kaka. Ila hizi dawa zinaua wadudu wabaya, na wale wazuri wa tumboni nao wanapata kipigo. Wengine huharisha. Kunywa na mtindi, upishane na dawa saa mbili tatu. Mtindi una wadudu wazuri walio hai, unaweza kukusaidia."

"Walio hai?" Liberatus akatoa macho.

"Hai kabisa."

Nyumbani nikampimia mtindi mzito, ule unaosimamisha kijiko. Nikatoka uani kidogo; kurudi, sufuria inatoa povu!

"Mume wangu," nikamtania kama bibi na mjukuu, "unapika nini?"

"Mtindi, bibi. Mimi nimefika kidato cha pili, siwezi kunywa wadudu wazima! Nimewachemsha nusu saa. Sasa hapumui hata mmoja."

"Si ndio hao wa kukusaidia?"

"Bibi, sayansi niachie mimi. Wewe hukukanyaga darasa."

Haya! Nikavuta kigoda, nikakaa kuisubiri sayansi.

Jumamosi Igowole ukungu ulitanda hadi sebuleni. Liberatus kavaa suti, mabega kama kabati. Mzee Gerson, baba yake Faustina, ndio kwanza anakohoa atuulize tumefuata nini, tumbo la mjukuu wangu likanguruma kama trekta lililokwama kwenye jaruba la mpunga.

"Mvua hiyo?" mzee akauliza, akatazama dari.

"Bibi," Liberatus akaninong'oneza, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, "choo kiko wapi?"

"Kaa! Huinuki mbele ya wakwe mpaka binti aulizwe."

"Bibi, tumbo halinisubiri!"

Akachomoka! Kiatu kimoja kikabaki kwenye zulia. Na choo chenyewe cha mabati, nyuma ya dirisha la sebule. Yaliyosikika huko siyasemi. Kuku waliacha kudonoa.

Wakati huohuo Faustina akaletwa. Kwetu msichana lazima amtambue mchumba mbele ya wazee. Akisema simjui, posa imekufa, mnakunja vitenge vyenu mnaondoka.

"Binti yangu, unamfahamu kijana aliyekuja kukuchumbia?"

Faustina akatazama kiti kitupu. Akatazama kiatu. Mimi roho juu!

Kule nje mabati yakatetemeka, ikafuata sauti nyembamba: "Faustinaaa! Niko huku! Usinikane!"

Mama yake Faustina kajifunika uso, mabega yanacheka.

"Namfahamu, baba," Faustina akasema. "Nimekubali. Ila mama, mpelekee kitenge. Nadhani suti ndiyo basi tena."

Picha ya uchumba ipo ukutani kwangu, njooni muione. Wazee wamependeza, Faustina anang'aa. Na katikati yao bwana mkubwa, kajifunga kitenge cha mama mkwe chenye maua mekundu, mkononi kashikishwa kikombe cha mtindi wa baridi, na mzee Gerson, niliyemsimulia yote, anahakikisha anaumaliza.