Beringi Nane na Kuku Mmoja

Grisi alimsikia Mama Mayai kabla hajamwona. Baiskeli ya mama yule ilikuwa inagonga, ko-ko, ko-ko, kila ilipopita shimo, na barabara ile ilikuwa na mashimo mengi kuliko barabara yenyewe. Masikioni mwa mtu mwingine ule ulikuwa mlio wa chuma. Masikioni mwa Grisi ulikuwa mlio wa chakula cha mchana.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa kuwa hakuna neno lililowahi kumkwama kooni. Alikuwa fundi baiskeli, au tuseme alikaa mahali ambapo fundi baiskeli angekaa: barazani, juu ya kreti iliyopinduliwa, ubavuni mwa fundi cherehani. Spana zake alizipanga juu ya kitambaa cheupe kama vifaa vya daktari wa meno. Zilikuwa safi sana spana zile. Mwenye macho angejiuliza kwa nini.

Mama Mayai alikuwa mjane mwenye baiskeli ya milimani, ile yenye shokapu mbele na nyuma, aliyoachiwa na mwanawe alipohamia mbali. Mwanzoni watu walimcheka, mtu mzima na kilemba chake juu ya chombo cha vijana. Kisha wakaona jinsi shokapu inavyoyabeba mayai mashimoni, polepole, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Wakanyamaza. Kila asubuhi alipeleka trei nne kwa mwoka mikate.

"Jana yamepasuka tisa," alimwambia Grisi. "Juzi saba. Mwoka mikate amenieleza kwa upole, maana ni mtu mpole, kwamba yakipasuka tena mwezi huu itabidi atafute mtu mwingine. Na mimi sina mwingine, baba. Kuku wangu wanamtegemea yeye."

Grisi akapiga magoti, akashika gurudumu la nyuma, akalisukuma kushoto na kulia. Likacheza kama jino la mtoto. Baiskeli ya namna ile, sehemu yake ya nyuma haikuunganishwa moja kwa moja na fremu. Imefungwa kwa viungo vinne vinavyopinda ili shokapu ifanye kazi, na ndani ya kila kiungo mna beringi mbili, vipete vya chuma vyenye gololi tumboni. Grisi akasema beringi zote nane zimekwisha. Ilikuwa kweli kabisa, na ilimshtua kidogo, kama mtu aliyejikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe. Akamwomba mama arudi adhuhuri.

Mama alipoondoka, Grisi alifanya alichokifanya siku zote. Alifungua bolti nne, akazungushia kila moja kipande cha mfuko wa nailoni, akashindilia grisi nzito kama anayelisha mtoto uji kwa nguvu, kisha akakaza mpaka bolti zikalalamika. Gurudumu likatulia. Lingetulia hivyo wiki nzima. Siku ya nane lingeanza tena, na kwa siku ya nane Grisi alikuwa na jibu tayari: barabara mbovu, mama, mimi nifanyeje?

Ila mji ule ulikuwa na desturi yake. Fundi halipwi mpaka aonyeshe kipuri cha zamani. Grisi aliiheshimu sana desturi hiyo. Kwa ajili yake alibeba, katika mfuko wa kushoto wa suruali, kitambaa kilichofunga beringi nane zenye kutu. Miaka mitatu alikuwa akizionyesha hizohizo. Mteja akija, Grisi hufunua kitambaa taratibu, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayeonyesha picha ya marehemu, kisha huuliza kwa huruma, "Nikutupie? Zitakuchafua." Na wateja wote husema ndiyo, tupa. Fundi cherehani, aliyekuwa na muda wa kuhesabu, alisema beringi zile zimetoka kwenye baiskeli arobaini na moja bila kuingia kwenye hata moja.

Adhuhuri Mama Mayai akarudi. Kitambaa kikafunuliwa, kichwa kikainama. Mama akavaa miwani, akazitazama beringi moja moja, na alipofikia ile yenye doa la rangi ya buluu akakaa nayo muda mrefu.

"Nikutupie, mama? Zitakuchafua."

"Ni zangu, si ndiyo?"

Grisi aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akisema si zake, amejifunga kamba mwenyewe. Akisema ni zake, mtaji wa miaka mitatu unaondoka mlangoni ukiwa umevaa kilemba.

"Ni zako, mama," akasema.

"Basi nipe."

Akamlipa bila kubishana, akamshukuru. Na kwa kuwa aliona midomo ya Grisi imekauka, akatoa kikapuni yai la kuchemsha akamwekea kiganjani. Alisema mtu aliyeshinda kazini tangu asubuhi lazima awe na njaa. Grisi alilila lile yai kwa majonzi makubwa. Halikukosa chumvi.

Msiba haujakwisha, sherehe ikabisha hodi. Jioni ileile alifika katibu wa chama cha waendesha baiskeli, mwenye filimbi shingoni. Chama kina mbio Jumamosi, alisema, na baiskeli kumi na mbili za milimani zinagonga kama ngoma. Wangezileta zote keshokutwa. Grisi akamwambia amekuja mahali penyewe, akamsindikiza hadi kona, akarudi kwenye kreti yake na kushika kichwa. Baiskeli kumi na mbili, na mfukoni hana hata kipete kimoja cha kuonyesha.

Alizunguka mji mzima siku iliyofuata. Kwa wauza vyuma chakavu alipata beringi za lori, kubwa kama visosi. Fundi cherehani alimpa moja ya mashine yake iliyokufa, ndogo kama kifungo cha shati. Alifikiria kununua mpya azizeeshe kwa maji ya chumvi, lakini kutu haina haraka na katibu alikuwa nayo. Mwisho akanywea, akaenda kubisha nyumbani kwa Mama Mayai.

Mama alimkaribisha kama mgeni wa siku nyingi, akampa kigoda na chai, akamwuliza habari za kwao. Grisi akajibu habari zote ni njema, kisha akaeleza kwamba kiwanda kilichotengeneza beringi zile kinazihitaji kwa uchunguzi. Kiko mbali, nje ya nchi. Wataalamu wanazisubiri kwa hamu.

"Maskini, kumbe wanasubiri," alisema mama. "Ziko bandani. Ila usinifokee kuku, anaatamia."

Grisi akachungulia. Juu ya kiota cha nyasi alikaa kuku mwekundu, amejitanua, macho nusu. Chini ya bawa lake ilichungulia beringi yenye doa la buluu.

"Mama, kuku huyu anaatamia chuma."

"Ndiyo, baba."

"Chuma hakianguliwi."

"Nami nilidhani hivyo," alisema mama, akipuliza chai yake. "Lakini kwako zimezaa miaka mitatu mfululizo. Nikasema ngoja na mwekundu wangu ajaribu bahati."

Grisi akaitazama tena ile beringi chini ya bawa.

"Ile yenye buluu ulimwonyesha mwanangu," mama aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nimesimama naye. Alikulipa kwa mshahara wake wa kwanza, akakushukuru, akarudi nyumbani akinisifia fundi. Sikukujia kwa kisasi, baba. Jana ndipo nilipoijua, ulipoifunua."

Grisi alinyoosha mkono kiotani, labda kwa aibu, labda kwa tamaa. Hata yeye hakujua. Kuku mwekundu akamdonoa kidole mara tatu, kwa haki kabisa. Mama akamfunga kidonda kwa kitambaa safi, akimwambia avumilie, mzazi huwa mkali.

"Wewe unataka beringi nane zilizochakaa," alisema akiwa anakaza fundo. "Mimi ninazo, tena za kweli. Ziko ndani ya baiskeli yangu, hazijawahi kuguswa na mtu. Zitoe mwenyewe uende nazo. Ila hutaniachia baiskeli yenye matundu."

Hapo ndipo Grisi aliponaswa, na alinaswa kwa mikono yake mwenyewe. Beringi iliyokwama ndani ya fremu miaka mingi haitoki kwa maneno matamu, na ikivutwa huharibika, haiwezi kurudishwa. Ukiitoa, huna budi kuweka mpya. Akaenda duka la vipuri. Muuzaji alimwuliza mara mbili kama kweli ananunua, akamwita mkewe kutoka nyuma aje aone.

Alifanya kazi uani mpaka magharibi. Nyundo aliijaribu mara moja. Mama akakohoa, Grisi akaiacha. Akamwagia kila kiungo maji ya moto ili chuma kilegee, akapitisha bolti ndefu yenye washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati, na kipande cha bomba, akaikaza nati robo kwa robo mpaka beringi ikatoka ikilia kama mlango wa zamani. Akafuta kutu, akapaka grisi kidogo tu, akaisukuma mpya iingie wima kwa bolti ileile. Mara nane. Mama alimshikia fremu, akamfuta jasho usoni alipokuwa na mikono yote miwili kazini. Saa ya mwisho Grisi hakusema neno, jambo ambalo mtaa usingeliamini.

Kesho yake mwoka mikate alipokea trei nne, akahesabu, akahesabu tena. Halikupasuka yai hata moja. Akauliza imekuwaje, akaelezwa yote, na katika mji ule mkate na habari hutoka dukani pamoja.

Basi baiskeli kumi na mbili zilipofika barazani, Grisi alianza na ya katibu. Nailoni, grisi, kaza. Akafunua kitambaa, akainamisha kichwa. Katibu akazichukua beringi zote nane akazitia begini, akashukuru. Nyuma yake wanachama kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwa foleni, kila mmoja amenyoosha kiganja.

Kazi ile ilichukua siku tatu, na usiku mmoja wa kukopa taa. Baiskeli kumi na moja, beringi themanini na nane, zote zilitolewa kweli, zote zikaenda na wenyewe. Ya katibu ilianza kugonga siku ya nane kama ilivyotarajiwa, akairudisha, na hiyo nayo ikafanywa upya. Spana zilichafuka. Fundi cherehani alimwuliza amepatwa na nini.

"Nimetapeliwa," alisema Grisi, na aliumia kweli.

Ubaya ni kwamba sifa zake zilienea. Wakaanza kuja watu wa mitaa ya mbali. Mmoja wao, bwana mnene mwenye haraka, alisimama juu yake baiskeli ilipokwisha na kudai kipuri cha zamani. Beringi zake zilikuwa zimepangwa wazi juu ya kitambaa cheupe, lakini mazoea yana taabu. Grisi aliinamisha kichwa, akaingiza mkono katika mfuko wa kushoto, akatoa taratibu yai la kuchemsha. Mama Mayai alimwekea kila asubuhi akipita, kimyakimya, kwenda kwa mwoka mikate.

Bwana akaliangalia yai. Akaiangalia baiskeli yake.

"Hilo ndilo lililokuwa linagonga?"

Fundi cherehani aliinua mguu kwenye pedali ili asikie vizuri. Grisi alilipima lile yai kiganjani, bado lina joto. Alikuwa na majibu mawili matatu mazuri, na bwana yule alikuwa na sura ya kuyaamini yote.

"Hapana, bwana," akasema. "Zako ni zile pale. Hili ni langu."