Utepe Mwekundu Mguuni mwa Petunia

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikisema kabla ya fahali kunikatiza, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kaunti, Malkia wa Jibini wa mwaka huu, wachungaji wa Kilutheri wa pande zote mbili za mto, wafugaji wote wa Wisconsin mliofika kwenye kifungua kinywa hiki cha Juni cha kusherehekea maziwa, na juu ya wote mke wangu Ardis, daktari wa mifugo, ambaye leo ametimiza siku tisa akiwa wangu (makofi; Ardis anashusha kofia usoni), mimi Verlyn Tollefsrud, Mkurugenzi wa Uratibu wa Viwele, nasimama zizini mwa Bi Lorna Voskuil nikiwa na furaha isiyoenea kwenye ripoti.

Programu yetu shirikishi inahusu kimeng'enya, kitu kidogo ajabu anachotengeneza bakteria mmoja ili kukata ukuta wa bakteria mwingine, yule anayeozesha viwele, mpaka apasuke. Na mimi niliposikia habari hiyo nililia, kwa sababu hata moyo wangu ulikuwa na ukuta, na Ardis aliukata kwa tabasamu moja tu, akiwa ameingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe. (Vicheko.)

Matokeo yanaonekana. Nimehesabu hapa ng'ombe kumi na wanne wenye utepe mwekundu mguuni, alama ya programu yetu, sawa na asilimia mia moja ya waliofungwa utepe.

(Bi Voskuil: "Verlyn, mwanangu, utepe mwekundu maana yake kiwele kinaumwa, maziwa yamwagwe. Huyu Petunia wangu lori la machinjio linamfuata Jumamosi. Dawa yako iko wapi?")

Swali zuri, Bi Lorna, na limepokelewa kimkakati. Viwele safi! Kuta zianguke! (Watu wawili wanaitikia.) Namshukuru Ardis, aliyenisimulia kimeng'enya hiki usiku wa harusi yetu, nami nikakipenda hivyo hivyo bila maabara, bila mtaalamu, bila hata chupa moja.

(Ardis anavua viatu vya sherehe, anavaa buti, anachukua mkoba wake.)

Mke wangu ananinong'oneza kwamba anaanza na Petunia sasa hivi, kwa dawa ya kawaida, na lori lisubiri. Mnaona nimeoa nani? Mimi mwenyewe, Bi Lorna, nitakuja rasmi kumtazama Petunia kabla mwezi haujaisha.