Kondoo wa Mke Wangu na Kopo la Rangi ya Viatu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kaenda kwa mama yake, atarudi Ijumaa. Kaniachia Malkia, kondoo wake mwenye mwili mweupe na uso mweusi, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa mchanga. Kasema asipomkuta Malkia hatatua hata mkoba, atageuza njia arudi kwa mama. Nikacheka. Mwanaume mzima nishindwe na kondoo mmoja!

Jioni. Malkia hayupo.

Nililala kidogo tu baada ya chakula. Kumbe mlango wa zizi niliufunga kwa imani, si kwa kamba.

Jumanne, 5 Machi

Nimemtafuta mpaka soli ya kiatu imeachama. Mtaroni, mashambani, nyuma ya mashine ya kusaga. Hayupo. Basi kaibwa, na mwizi namjua: jirani yangu, Masharubu. Tangu anishinde uchaguzi wa katibu wa kamati ya mifugo hunisalimia kwa pua. Leo asubuhi kaja mlangoni anachekacheka, ati ana salamu zangu. Salamu! Nikamfungia mlango.

Mchana, mkutano wa kamati. Kwamba Malkia hayupo sikusema, habari zingemfikia mke wangu kabla jua halijazama. Nilisema tu kwamba wizi wa mifugo umezidi, na mwizi akikamatwa asipigwe, asifungwe. Achunge kondoo wa aliyemwibia msimu mzima, bila malipo, na kengele shingoni. Mwenyekiti kauliza kama kengele ni lazima. Nikasema ni lazima! Masharubu akapiga makofi kuliko wote. Mwizi sugu huyu.

Jumatano, 6 Machi

Nimechungulia zizi la Masharubu. Malkia hamo. Kashamficha, au kashamla. Lakini yumo jike mmoja, umbo lilelile, mweupe kuanzia pua hadi mkia.

Dawa ya moto ni moto.

Kila Alhamisi Masharubu huenda kwa kinyozi kutengeneza hayo masharubu, na humaliza mchana mzima. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zake zote ziko chini ya pua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemchukua! Nimevaa shati langu jeupe la sherehe, maana nani ataiba na shati safi? Nikapita kwa kinyozi kwanza. Masharubu yumo kitini, uso umejaa povu, kanipungia mkono. Nikapunga pia. Kisha nikaenda zizini kwake na punje za mahindi mfukoni. Yule jike kanifuata kama aliyekuwa ananisubiri.

Nyumbani nikampaka uso rangi nyeusi ya viatu. Nusu kopo. Kapiga chafya, kanilalia kifuani, nikamalizia masikio. Malkia mwenyewe! Kwa kweli huyu anang'aa zaidi.

Jioni kaanza kulia. Nje, sauti nyembamba ikamjibu. Ana mtoto! Ananyonyesha, na mimi sikuangalia. Nimemwingiza na mtoto ili wanyamaze. Nitamwambia mke wangu Malkia kazaa. Atafurahi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa! Nimeamka na shati lilelile mwilini, nafungua mlango, uani kondoo wote wa Masharubu. Kumbe yule jike ndiye kiongozi wao. Alipo yeye nao wapo. Wamekula mboga za mke wangu. Wamejisugua kwa yule jike, kila mmoja ana baka jeusi. Nikawafukuza, wakazunguka nyumba, wakarudi kwa upande wa pili.

Masharubu akafika na mwenyekiti. Nikasema wamekuja wenyewe. Si uongo, wamekuja wenyewe! Mwenyekiti akapitisha kidole kwenye uso wa jike, akakinusa, akauliza kwa nini kondoo huyu ananuka viatu. Kisha akaniangalia kifuani. Nami nikajiangalia. Uso wa kondoo umejichapa kwenye shati, na masikio yake mawili.

Nikalipuka. Nikasema Masharubu ndiye aliyeanza, kamwibia mke wangu Malkia!

Hapo mke wangu akaingia, mkoba kichwani. Nyuma yake, Malkia.

Kumbe Jumatatu Malkia alimfuata mwenyewe mpaka kwa mama mkwe. Simu yangu haikuwa na chaji, mke wangu akampigia Masharubu aniambie nisihangaike. Ndizo zile salamu nilizozifungia mlango.

Mke wangu hakupiga kelele. Heri angepiga. Kauliza kwa hiyo nimempoteza wake, nikadhani hatamjua akiletewa wa mwingine? Mkoba bado uko kichwani. Niliogopa, sifichi. Nikasema ukweli: niliogopa asirudi. Kisha akatua mkoba, akasema atabaki. Hataki kuikosa hiyo kengele.

Jumapili, 10 Machi

Mkutano. Masharubu kayarudia maneno yangu ya Jumanne, neno kwa neno, mpaka sauti kaiga. Mwenyekiti kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikauliza kwa unyenyekevu kama kengele ni lazima.

Ni lazima.

Mke wangu kanivisha mwenyewe. Kacheka mpaka kashika ukuta. Siku nyingi sijamwona akicheka hivyo, nikajikuta nacheka nami.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza ya kuchunga. Nimejutia kila kitu, toka moyoni. Wizi si kazi ya mtu mwenye mke mwema.

Ila nimegundua jambo. Nikitembea, kengele inalia, kondoo wote wananifuata. Nikisimama, wanasimama. Fimbo sihitaji. Na ng'ambo ya kilima kuna mnada wa mifugo, kila Alhamisi. Alhamisi Masharubu yuko kwa kinyozi.

Siibi! Mimi nitatembea tu kwenda mnadani kwa shughuli zangu. Kondoo wakiamua kuja nyuma yangu, hao ni watu wazima.

Kosa lilikuwa ile rangi nyeusi. Leo nimenunua ya kahawia.