Fuimalo Tuko Wawili, na Mmoja Amezidi

Kwa Bi Makerita,
Msimamizi wa Nyumba ya Mtandao,
Salelua, kisiwa cha Savai'i.

Bi Makerita mheshimiwa,

Mimi Fuimalo, chifu mwenye cheo ambacho ukoo wetu ulikuwa nacho kabla umeme haujafika kisiwani, nakuandikia kwa karatasi. Mtandaoni sijui tena nikisema, anasikika nani.

Mlitusifia kwamba mtandao huu hauna mwenyewe: kila mahali wana nyumba yao, na mtu hujulikana kwa jina, ile alama ya @, kisha nyumba anayokaa. Sawa. Mimi ni Fuimalo wa nyumba ya Salelua. Sasa sikia maudhi yangu.

1. Binamu yangu Pesamino, aliyeko Auckland, naye anajiita Fuimalo kwenye nyumba ya huko. Ni kweli ukoo ulitupa cheo hicho sote wawili siku moja, na nguruwe wa sherehe nilimla. Lakini nilimla kwa makubaliano ya nchi kavu. Mtandao haukutajwa.

2. Wiki iliyopita aliandika kwamba nyama ya kopo si kitu cha kupeleka msibani. Akina mama watatu wa kwaya, ambao hupeleka hiyo hiyo, wakaninunia mimi! Nilipokuja kwako ukaniambia, "Mzee, jina ni nusu tu ya anwani. Soma mpaka mwisho." Mama wee! Nani hapa Salelua anasoma kitu mpaka mwisho? Hata mahubiri tunasinzia katikati.

3. Hili ndilo linaloniuma hasa. Binti yangu Losivale, aliyeko Brisbane, hatujasemezana miaka minne, tangu nilipomkataa mumewe. Juzi nimekuta anamwandikia Pesamino "Baba", naye anamjibu "Mwanangu"! Tena Pesamino amemwomba radhi, kwa jina langu! Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijakosea! Na mjukuu wangu nimemwona mara ya kwanza kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba nyumba ya Auckland ifungiwe. Wakileta ubishi, ifungiwe New Zealand nzima. Ikishindikana, majina yafutwe ulimwenguni, kila mtu aitwe kwa ule mlolongo wa tarakimu mnaouficha nyuma ya jina, isipokuwa mimi. Na yeyote duniani atakaye jina aje kwanza kikaoni kwetu na mizizi ya kava, ile tunayotengenezea kinywaji cha vikao, tumjadili. Jumatatu tuna nafasi.

Nisalimie mama yako, mumeo, wanakwaya wote (wale watatu pia), na hata yule mbwa wenu aliyeniuma.

Wako katika haki,
Fuimalo (yule wa kweli)

Baada ya sahihi: Kabla sijafunga bahasha nilimwandikia Losivale, kumfumbua macho kwamba yule si mimi. Amejibu papo hapo: "Baba, nilijua tangu siku ya kwanza. Auckland imeandikwa pale, mimi si kipofu. Wewe nilikuandikia mara tatu, ukanyamaza. Nikasema basi, ngoja nimjaribu Fuimalo mwingine."

Ni kweli, Bi Makerita. Barua zake tatu ninazo, na nilizisoma. Tafadhali usimfungie Pesamino. Niulizie tu, alipomwomba radhi alianza na neno gani, maana sasa zamu ya kujibu ni yangu, nimekaa na simu tangu asubuhi, na la kwanza halijaja.