Kikwembe Kilikuwa Rangi Gani?

Jumanne, tarehe 1 Julai 2025

Siku njema kabisa! Nimepata njia ya kumwangusha Serge.

Serge ana sale ya video, chumba cha kuonyeshea filamu kwa malipo, ng'ambo ya barabara, karibu na soko, hapa Kasongo. Ana ekrani pana kama mlango wa kanisa na jenereta isiyokohoa. Mimi pia nina sale. Leo wateja wangu walikuwa Kasimu, aliyekuja kuchaji simu, na kuku wa jirani. Kuku alikaa hadi mwisho.

Ila Joël, anayenitafutia filamu, amerudi kutoka Kindu na flash. Ndani yake: Harusi ya Bwana Mapengo! Ile komedi ya televisheni ya zamani, iliyopigwa hapahapa Kasongo mama yangu akiwa msichana. Watu wazima wanaijua neno kwa neno. Watoto hawaitaki. Nyeusi na nyeupe tu. Wanauliza kama ekrani imekufa.

Basi nitaitia rangi! Wa kwanza Maniema nzima! Nimemweleza mke wangu, Mathilde. Ameniuliza kama nimeshasahau ule mradi wa kuuza barafu kule Wamaza. Sijausahau. Barafu ndiyo iliyoyeyuka, si akili yangu.

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Kasimu ana studio ya picha, na ordinatere, yaani kompyuta, yenye programu ya kutia rangi yenyewe. Tumeiachia filamu, tukaenda kula mandazi.

Tumerudi. Ole! Bwana Mapengo amekuwa zambarau. Mbuzi wa mahari ni wa buluu. Programu imeudhania mto Lualaba kuwa shamba, sasa mtumbwi unapita juu ya majani, na mpiga kasia anatabasamu.

Kasimu anasema mashine haijawahi kufika Kasongo, tusiilaumu. Tutapaka wenyewe, kitu kwa kitu. Ameniuliza koti la Bwana Mapengo lilikuwa rangi gani. Nikasema kahawia. Akauliza nimejuaje. Nikasema fundi wa kweli anahisi tu.

Jumamosi, tarehe 5 Julai

Tumefika kwenye ngoma. Ile ngoma! Katikati ya harusi msichana anacheza amejifunga kikwembe, kitenge cha hapa kwetu, ametupa mgongo. Kiuno gani kile! Hageuki hata mara moja. Tangu zamani watu wa hapa wanabishana ni nani.

Mama mkwe wangu, Mama Célestine, amepiga simu kutoka Kabambare. Habari za rangi zimeshamfikia. Hakunisalimu.

"Mukwe wangu, ule mugongo ni wangu. Kikwembe kilikuwa ya manjano. Ukiweka rangi ingine, usiniite tena mama."

Nimemwahidi palepale. Manjano! Mathilde amenitazama kwa upole, mara ya kwanza tangu mambo ya barafu. Amepika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki. Nimekula hadi nimefungua mkanda.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Mgeni. Mama Fatuma, mama yake Serge! Amekaa kwenye kiti changu kizuri, akakataa maji, akasema yule mchezaji ni yeye na kikwembe kilikuwa chekundu. Kama nitaweka nyekundu, Serge ataniazima ekrani na jenereta kwa siku ya onyesho. Kama sitaweka, anajua la kufanya. Hakusema ni lipi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Nimemwahidi.

Sasa naelewa uzuri wa nyeusi na nyeupe. Kila mmoja alitazama mgongo uleule akaona rangi yake, wote wakalala vizuri. Nimekuja mimi na makopo yangu ya rangi.

Jumatano, tarehe 9 Julai

Nimepata dawa! Hapa Kasongo tutaonyesha nyekundu. Ya manjano namtumia mama mkwe kwenye simu. Kabambare ni mbali, barabara ni mashimo matupu, na yeye analalamika magoti. Kasimu ameuliza, je, akija? Nimecheka hadi nimekohoa.

Ijumaa, tarehe 11 Julai

Amekuja.

Kwa moto, yaani pikipiki! Nyuma ya dereva, na gunia la mchele mapajani, vumbi hadi kwenye kope. Njiani amesimama Wamaza kuwaambia ndugu wote kwamba kesho ataonekana kwa rangi. Magoti hayamuumi tena. Amesema hata hataki kupumzika, anataka kujua atakaa mstari gani.

Nimekimbilia kwa Kasimu. Mpango mpya: nusu ya ngoma manjano, nusu nyekundu. Ikiwa manjano, namzungumzisha Mama Fatuma. Ikiwa nyekundu, namwangushia mama mkwe kitu miguuni. Kasimu akawasha ordinatere. Rafiki wa kweli.

Jumamosi, tarehe 12 Julai

Jua bado linawaka na mimi nimejificha jikoni. Naandika juu ya goti.

Sale ilijaa hadi dirishani. Ekrani ya Serge, jenereta ya Serge, Serge mwenyewe mlangoni akijifanya hajali. Bwana Mapengo alipotokea na koti lake la kahawia, watu walipiga makofi. Watoto walikuwa kimya! Mama mkwe kushoto. Mama Fatuma kulia. Mimi katikati, jasho.

Ikafika ngoma. Kikwembe cha manjano. Mama mkwe akapiga kigelegele. Nikageuka kumwuliza Mama Fatuma habari za wajukuu. Kikwembe chekundu. Manjano! Nyekundu! Manjano! Sijui Kasimu aliunganisha vipi: kila pigo la ngoma, rangi mpya. Watoto walishangilia. Watu wazima waliangua kicheko. Kina mama wawili walisimama.

Mama mkwe alisema mbele ya watu wote kwamba atathibitisha. Akajifunga kitambaa kiunoni, akacheza. Mama Fatuma naye akacheza. Mbele ya ekrani, bega kwa bega! Sale ilitetemeka. Nusu ilitaja Célestine, nusu ilitaja Fatuma.

Ndipo Papa Moussa akainuka. Fundi cherehani, mzee wa heshima, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Munisamehe," alisema. "Ule mugongo ni wangu."

Vichwa vyote viligeuka. Hata jenereta niliisahau.

Akaeleza taratibu, akitazama sakafu. Siku ile yeye alikuwa kijana tu, amekuja kushona mapazia ya jukwaa. Wasichana wa ngoma walipotea wote wawili, jua linashuka, bwana wa televisheni anapiga kelele. Wakamfunga yeye kikwembe cha dada yake, wakamwambia acheze na asigeuke hata kidogo. Kwa sababu ya masharubu.

Mtu mmoja nyuma akaomba ushahidi. Papa Moussa akavua kofia, akatupa mgongo, akazungusha kiuno. Mara moja tu. Ilitosha! Nimeona watu wakishika vichwa.

"Na kikwembe," akaongeza, "kilikuwa ya kijani."

Mama mkwe na Mama Fatuma walitazamana. Mama Fatuma akauliza kwa sauti ndogo, ule wali wa harusi, haukuwa mtamu? Mama mkwe akajibu kwamba ulikuwa na nyama ya mbuzi, nani angeuacha akacheze? Wakaanza kucheka. Walicheka hadi wakashikana wasianguke. Ilikuwa picha nzuri sana. Nilifurahi kwa moyo wote.

Kisha wakanikumbuka mimi. Wote wawili, kwa pamoja.

Nimetoroka kupitia dirishani.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Wamekaa uani kwangu kama dada, wanachagua mchele na kuniita Bwana Rangi-Mbili. Kasimu ameweka kijani. Sale imejaa tena, watu wametoka misani moja kwa moja. Papa Moussa anakaa mstari wa mbele na kupokea salamu kama mbunge.

Mathilde amecheka tangu asubuhi. Halafu akanishika mkono, akasema kwa upole, "Ruphin, ahidi mutu mumoja, kitu kimoja. Basi." Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Joël ameleta filamu nyingine! Mechi ya zamani, Kasongo na Kabambare. Haina sauti, na imekatika kabla ya mwisho. Hakuna anayekumbuka nani alishinda. Nani bora kuliko mimi kuweka mtangazaji, na bao la mwisho?

Serge ananiazima tena ekrani. Nimemwambia Kasongo walishinda. Mama mkwe ameshafika nyumbani Kabambare salama, nimempigia, nimemwambia Kabambare walishinda.

Wote wawili wamefurahi sana. Kazi rahisi hii!