Ombi la Kuvunja Ukuta wa Kusini

Kwa Mhashamu Baba Askofu,

Naubusu mkono wako kwa mbali, nikitumaini Kwaresima inakwenda vizuri huko uliko. Huku tunafunga, tunakula ugali na maharage, na hatulalamiki. Anayelalamika ni mimi peke yangu, na ninalalamikia kanisa letu jipya.

Najua ulilitabaruku mwenyewe na ukalisifu. Hata mimi siku hiyo nililia. Kuba sina neno nalo. Yesu aliyechorwa humo ananikodolea macho ibada nzima, nimeshamzoea. Matofali mekundu na mawe meupe, mstari kwa mstari, yanapendeza, ingawa kanisa letu la zamani la mbao halikuwa na haja ya kupendeza. Shida yangu ni kuta mbili za kando tu. Naomba ule wa kusini uvunjwe, kwa sababu hizi:

1. Msanifu majengo, Bwana Cernătescu, alitoka Bukaresti na michoro yake, akasema ndivyo walivyojenga Wabizanti, Wakristo wa kale wa Mashariki: kuta za kando zijipinde na kutazamana, kama bakuli lililopasuliwa katikati. Wabizanti nawaheshimu, lakini wao hawakukalia kiti changu. Kiti hicho kilikuwa cha mama, kimechongwa jina letu, na kimewekwa katikati ya ukuta wa kaskazini, upande wa wanawake. Katikati ya ukuta wa kusini, mbele ya picha ya Bikira, ndipo Padre Ieronim anapoungamisha. Mtu akinong'ona kule, sauti inateleza ukutani, inapanda, inavuka, inanishukia sikioni. Aliyekaa kiti cha pili kutoka changu hasikii kitu.

2. Siendi kusikiliza. Naenda kusali Jumamosi alasiri, na kama Jumamosi alasiri ndiyo saa ya maungamo, kosa si langu. Hivi karibuni nililazimika kujua kile ambacho Valer mwoka mikate anachanganya kwenye unga. Sijamwambia mtu, maana siri ya ungamo ni siri. Nimeacha tu kununua mkate wake. Juzi mkewe akanisimamisha sokoni: "Mama Raveca, jamani, tumekukosea nini?" Nikasingizia tumbo. Kwa hiyo sasa nami nina dhambi ya uongo, na nikaiungame wapi, wakati kiti changu kitakuwa wazi na yeyote anaweza kukikalia?

3. Padre ana huruma kupita kiasi. Valer, kwa hayo aliyoyafanya, aliambiwa asujudu mara chache tu. Nikakohoa ili Padre afikirie upya. Badala yake alikuja kuniambia, "Mama, kifua hicho kitakumaliza, hamia kule nyuma karibu na jiko la kuni." Kiti cha mama sikihami.

4. Sasa nafika penyewe, napo ni kwa mdogo wangu Saveta. Hatusemezani tangu arobaini ya mama, tulipopeleka kila mmoja bakuli lake la ngano tamu ya kumwombea marehemu. Padre akabariki la Saveta, langu likabaki mezani watu wanalitazama. Tangu hapo tukikutana njiani kila mmoja anaangalia viatu vyake. Na sasa kila Jumamosi sauti yake inaniingia sikioni. Anaungama jibini alilolila siku ya mfungo. Anaungama paka aliyempiga teke. Kisha anasema, "Na dada yangu, Padre..." halafu anapenga kamasi. Padre anamwambia, "Endelea, mwanangu," naye anarudi kwenye jibini. Kila Jumamosi ni hivyo hivyo. Silali, Baba Askofu. Na dada yangu nini?

5. Kama kuvunja ukuta ni gharama, basi Saveta ahamishiwe parokia nyingine. Kama sheria za Kanisa haziruhusu, basi nipewe upadre mimi, maana kazi yenyewe nimeshaanza kuifanya, na adhabu ninazotoa moyoni ni za haki zaidi.

Nisalimie shemasi wako, mpishi wako, watawa wote hapo, na fundi utakayemtuma. Mwambie aje na nyundo kubwa.

Mimi mtiifu wako,
Raveca Bretean, mjane
Poiana Cetinei, Kwaresima, 1937

Tanbihi: Kabla ya kuipeleka barua hii posta nilipita kanisani kusali. Ukuta usiguswe. Leo Saveta amefika mwisho. Amesema, "Na dada yangu, Padre, mimi ndiye niliyekuomba ubariki bakuli langu, kwa sababu lake lilikuwa tamu zaidi. Kila siku napita mlangoni kwake, naogopa kubisha hodi. Atanifukuza." Nimelia mpaka mishumaa ikazimwa. Kumfuata kwake siwezi, mimi ndiye mkubwa. Naomba umwamuru Padre Ieronim aniungamishe Jumamosi ijayo palepale kwenye ukuta wa kusini, na Saveta akalishwe kwenye kiti cha mama, kwa kisingizio chochote. Sikio lake la kushoto ni zito, kwa hiyo ageuzie ukutani la kulia. Nitasema polepole.